Mkopo hauna riba, mbona umetuvunja?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 10 mkoani Singida. Mwaka 2021 tuliomba halmashauri mkopo wa milioni 20 tununue mashine ya kukamua alizeti. Tukapewa milioni 8. Kwa hela hiyo mashine hatukuipata, tukagawana laki nane nane, kila mtu akahangaike kivyake. Leo wanne wamehama au hawapokei simu, deni limebaki milioni 3 na ushee, na tuliobaki ndio tunaofuatwa majumbani. Mwenyekiti wangu, niliyeimba naye kwaya miaka mingi, hatusalimiani. Nimewahi kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ili nipeleke marejesho. Je, kosa ni letu? Na tulipe madeni ya waliokimbia?
Katibu, Singida

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na la mwisho kwa kuwa ni fupi. Aliyesaini mkataba ni kikundi, kwa hiyo deni ni la kikundi. Wanne kuondoka hakulipunguzi.

Kuhusu kosa, nina la kukuambia, maana nilikuwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mpaka nilipostaafu. Yakiletwa maombi 40 na fedha zinatosha vikundi 6, hatukuwa na ubavu wa kuwaambia 34 warudi nyumbani. Tulikata. Huyu aliyeomba 20 apewe 8, yule aliyeomba 10 apewe 3, ili kila mtaa useme umepata. Nilipitisha karatasi hizo kwa mkono wangu, na nilijua kabisa kwamba nusu ya bei ya mashine haikamui alizeti. Mliporudi na milioni 8, kile mlichokusudia kufanya pamoja kilikuwa kimekufa tayari. Mlichobaki nacho pamoja ni deni. Kosa hilo silitupi kwenu.

Sheria yenyewe naitetea hadi leo. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na tangu 2018 sheria inataka mikopo hiyo isiwe na riba. Mama wa kijijini angepata wapi hela ya namna hiyo? Lakini kukosa riba si kukosa gharama. Hesabu nauli za kwenda na kurudi wilayani, andiko, katiba, picha, kufungua akaunti. Halafu mtu anakwenda kwa kausha damu kulipia mkopo usio na riba, kama ulivyofanya. Hilo linaniuma kuliko yote uliyoyaandika, maana mkopo huu uliwekwa ili msiende huko.

Na soko halikuwahurumia. Mwaka 2022 serikali ilipunguza ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje, kumwondolea mlaji makali ya bei. Nia njema. Ila msimu wa 2023 bei ya alizeti ilianguka, na huko Singida mnajua zaidi yangu magunia yalivyolala ndani. Mkono mmoja unamkopesha mama akamue alizeti, mwingine unashusha bei ya mafuta atakayouza. Sijawahi kuona kikao kimoja kilichoyajadili hayo mawili pamoja.

Waliokimbia nao wana historia yao. Mwaka 2006, serikali ya Rais Kikwete ilipotoa fedha za uwezeshaji, watu waliziita mabilioni ya JK, na wengi walizipokea kama zawadi ya rais. Jina lile liliharibu mengi. Miaka mingi baadaye bado nilikuwa nikisikia vikundini, “Hela ya serikali hiyo, nani atakufunga?” Aprili 2023 serikali ikasimamisha mikopo yote ya asilimia 10, baada ya ukaguzi wa CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kuibua vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Ilirudishwa 2024, halmashauri 10 zikipangiwa kuitoa kupitia benki kwa majaribio. Katikati hapo, vikundi vilivyolipa mpaka shilingi ya mwisho na kusubiri awamu ya pili vilikaa mikono mitupu sawa na vikundi hewa.

Sasa fanya hivi. Chukua daftari la kikundi, lile lenye majina na saini za siku mlipogawana laki nane, pamoja na risiti zote za marejesho. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, omba kwa barua taarifa ya deni lenu, na omba mpangiwe upya kiwango cha kulipa kwa mwezi mnachokiweza ninyi sita. Barua iwe na nakala, nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Majina ya wanne walioondoka na deni yaandikwe humo pamoja na kiasi cha kila mmoja. Usilipe chochote mkononi mwa mtu. Na usirudi tena kwa kausha damu, hata wakikugongea mlango alfajiri.

Kabla ya kupeleka barua, mpitie mwenyekiti kwake, wewe mwenyewe, na hilo daftari. Kaeni mlifungue ukurasa wa kwanza, msome majina yote 10 kwa sauti. Yeye naye amekuwa akigongewa mlango uleule.