Kama mpelelezi wako ni mzee mrina asali

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na nyayo za muuaji kwenye tope, mwezi wa nane, nje kidogo ya Manyoni. Nimekulia Dodoma. Najua kabisa kwamba mwezi wa nane huku ni upepo na vumbi linaloingia mpaka kwenye kikombe cha chai, na kwamba mvua zetu huanza Desemba, Aprili zikaaga. Lakini nilikuwa nimesoma mno riwaya za upelelezi za nchi za baridi, mkono ukaandika tope wenyewe. Mchapishaji mmoja alinirudishia mswada bila neno lolote. Bora hivyo, maana mwingine angeuchapa.

Ukitaka kuandika riwaya ya aina hii, ambayo anayefumbua fumbo hana bastola wala gari, ana mizinga tu na miaka yake sabini na kitu, basi kazi yake ndiyo ifumbue. Jipime hivi: ondoa nyuki, weka mbuzi. Fumbo likifumbuka vilevile, huyo mzee umempamba tu. Wangu alikuwa hivyo. Alikaa kibarazani, akisemeshwa anajibu kwa methali. Sijui tumeutoa wapi ugonjwa huu. Wazee ninaowafahamu mimi huongea habari za bei ya mahindi na magoti yao.

Basi nikapanda basi la Manyoni, nikashukia njiani, nikachukua bodaboda mpaka kwa mzee mmoja niliyeelekezwa. Nikajitutumua na "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akanitazama kwa huruma, nikarudi kwenye shikamoo. Tukakaa chini ya mbuyu uliotundikwa mizinga miwili ya magogo, nikamsomea sura ya tatu, pale dume la nyuki linapomchoma marehemu shavuni mara tatu.

"Dume halina mwiba, mwanangu," akasema.

Nikafuta, nikaandika nyuki kibarua.

"Na huyo akishakuchoma, mwiba unabaki kwako pamoja na matumbo yake. Mara ya pili anakuchoma na nini?"

Saa hiyohiyo, kama aliyeagizwa, mmoja akamchoma yeye kwenye kiganja. Hakushtuka. Aliukwangua mwiba kwa ukucha haraka, maana kifuko cha sumu huendelea kusukuma hata nyuki akishaondoka, kisha akanisogezea mkono puani. "Nusa." Ilikuwa ndizi mbivu. Harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake waje kushambulia, na moshi wa mrinaji, pamoja na kuwafanya nyuki wakimbilie kujaza matumbo asali, kazi yake nyingine ni kuifunika.

Nilirudi mjini na kiganja kile kichwani. Mzee wa riwaya yangu sasa macho yake yamefifia, na kikaoni kwa mtendaji wa kijiji anaingia mtu anayeapa kwamba hajakanyaga kule kwenye mizinga. Hakuna ndizi pale, na mzee ananusa ndizi. Uangalifu unahitajika hapa: harufu hiyo hupotea upesi, kwa hiyo inambana mtu aliyetoka kuchomwa muda mfupi uliopita tu. Usije ukaiweka kwenye shati lililokaa kabatini wiki nzima.

Lakini dalili niliyoipenda kuliko zote ni yai. Malkia hutaga yai moja katika kila kijumba cha sega, na siku ya tatu linaanguliwa. Wafugaji husema siku ya kwanza limesimama, ya pili limeinama, ya tatu limelala. Maana yake nini kwa mwandishi? Maana yake kila mzinga una kalenda ndani. Katika kitabu changu mpwa wa marehemu anadai mzinga ule ulihamwa mwezi mzima, kwa hiyo hakuiba kitu, na usiku ule hakuwa na sababu ya kwenda mtini. Asubuhi mzee anaokota kipande cha sega la majana, yaani la watoto wa nyuki, kwenye nyasi, kabla ya siafu kukimaliza, anamwita mjukuu mwenye macho mazima amtazamie. Mayai, yamesimama. Malkia alikuwa humo jana.

Dalili ya namna hii ukiitoa pale inapohitajika, msomaji atakuona mlaghai. Ukiitoa mapema kwa sauti ya mwalimu, ataikariri na kukusubiri. Mimi niliihangaikia wiki mbili. Mwishowe nikaiweka sura ya pili, mzee akimfundisha mjukuu, na mtoto akauliza kama mayai ya nyuki yanaweza kukaangwa. Waliosoma mswada walicheka hapo, na walipofika sura ya kumi na moja hakuna aliyekuwa analikumbuka yai.

Mengine ni madogo. Mzee hapandi mbuyu, kwa hiyo lazima awepo wa kupanda, na huyo ndiye msaidizi wako; usimtafute kwingine. Hana mamlaka ya kumkamata mtu, polisi wana yao, hivyo kila anachokijua inabidi kwanza akieleze mpaka aaminike, na asiaminike mara ya kwanza. Na kundi likimpoteza malkia mlio wake hubadilika, unakuwa kama kilio. Mzee wangu hutega sikio kwenye mzinga kabla ya kugusa chochote. Sikukipangia kitendo hicho kazi yoyote kwenye fumbo. Ni chake tu.

Mswada wa mwisho nilimpelekea mzee wa Manyoni, nikamsomea siku mbili mfululizo, tukipumzika kwa ugali wa uwele na mlenda. Muuaji alimkisia mapema, hakujali. Nilipofunga daftari akakaa kimya kidogo, akainua macho mtini.

"Na mizinga ya marehemu," akauliza, "amepewa nani?"

Kurasa mia mbili na ushee, sikuwa nimeandika. Mpwa ameenda jela, mjane hajawahi kurina, kiangazi kinapita, na makundi yote yale yananing'inia mitini bila mwenyewe. Sura ya ishirini na moja ndiyo ninayoiandika sasa.