Bega Lililoguswa Mara Mbili: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Sinema ya Uingereza

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa fasihi katika skuli moja ya sekondari hapa Pemba. Wanafunzi wangu hukutana kila Jumamosi kutazama filamu na kuijadili, lakini mjadala wetu kila mara huishia kwenye kusimulia kisa: nani alikufa, nani alimwoa nani. Sasa tunataka kuanza na sinema ya Uingereza. Naomba unifahamishe mbinu za filamu huchambuliwa vipi, na ni kitu gani hasa kinachoitofautisha sinema ya Waingereza na ile ya Wamarekani, ilhali lugha yao ni moja. (Maalim, Chake Chake)

JIBU: Wa alaykum salaam, Maalim. Unapowafundisha wanafunzi wako ushairi, huwaachii waseme tu kwamba shairi linahusu mapenzi. Unawauliza kwa nini kina kimegeuka katika ubeti wa tatu na kibwagizo kinarudi kwa sababu gani. Filamu ichambue vivyo hivyo. Kila picha inapokuwa mbele yenu, waulize wanafunzi kamera imesimama wapi na iko umbali gani na mtu, mwanga unatoka upande upi, tunasikia nini ambacho hatukioni, na kwa nini mhariri amekata picha pale alipokata, si kabla wala si baada. Mwanafunzi atakayeyajibu hayo kwa onesho moja la dakika tatu atakuwa amechambua zaidi ya yule aliyesimulia kisa chote kwa kurasa kumi.

Nakupendekezea muanze na Brief Encounter, filamu ya mwaka 1945 iliyoongozwa na David Lean. Kisa chake ni kifupi mno. Mwanamke mwenye mume na watoto anakutana na daktari, naye ana mke wake, katika mkahawa wa stesheni ya treni. Wanapendana, kisha wanaachana. Maonesho mengi ya nje ya stesheni yalipigwa Carnforth, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, vita vikuu vikiwa bado havijamalizika. Filamu inaanza na mwisho wake, lakini mtazamaji hajui kuwa ule ndio mwisho. Kamera kwanza inawashughulikia mkata tiketi na mwanamke anayeuza chai, ambao wanataniana kwenye kaunta, na wale wawili waliokaa mezani tunawaona kama watu wa kupita tu. Anaingia shoga mmoja wa yule mwanamke, mwenye maneno mengi, anajikaribisha mezani kwao na kuanza kuongea mfululizo. Treni inatangazwa. Mwanamume anasimama, anamgusa mwanamke begani kwa mkono, anatoka. Basi.

Kabla filamu haijamalizika, onesho hilohilo linarudiwa. Safari hii tumekwisha kuujua moyo wa mwanamke, na kamera imehama kwa watu wa kaunta imekwenda kwake. Yule shoga anaongea maneno yaleyale, lakini sasa tunayasikia kama mtu mwenye msiba anavyosikia kelele za njiani. Ule mkono begani, ambao mara ya kwanza haukuwa na maana yoyote kwetu, sasa ndio kuagana kote walikojaaliwa. Mara ya kwanza tulibaki na shoga kwenye kaunta, akageuka akamkosa mwenzake pale mezani. Mara ya pili tunatoka na mwanamke mpaka ukingoni mwa reli, picha yenyewe inainama upande kama jahazi lililopigwa na wimbi, na taa za treni ya kasi zinamulika na kuzimika usoni pake. Kisha picha inanyooka, naye anarudi ndani na kukaa kitako.

Hapo mna mbinu nne za kuwafundishia wanafunzi: mahali pa kamera, urudiaji, sauti na pembe ya picha. Lakini mna pia lile ambalo mimi naliona kuwa ni moyo wa sinema ya Uingereza, nalo ni stara. Katika filamu nyingi za Marekani, mtu mwenye uchungu hatimaye atasimama auseme, na muziki utamuunga mkono. Katika filamu nzuri za Kiingereza uchungu unakaa chini ya mazungumzo ya sukari na ratiba za treni, na kazi ya mwongozaji ni kutuonesha kile ambacho mhusika anakificha bila ya kumvunjia sitara yake. Mzanzibari hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Sote tumewahi kumwona mtu mzima akipokea habari nzito mbele ya wageni, akauliza tu kama chai imekwisha kumiminwa.

Jambo la pili ni lafudhi. Hapa kwetu mtu akifumbua kinywa mara moja tu tunajua kama ni wa Mjini, wa Makunduchi, wa Tumbatu au wa Micheweni. Uingereza lafudhi hutaja mahali, na juu ya hapo hutaja tabaka, yaani kazi ya baba na skuli aliyosoma mtoto. Kwa miaka mingi wahusika wakuu wa filamu zao walisema kwa sauti ya watu wa juu, na wafanyakazi waliwekwa kwa ajili ya kuchekesha, kama wale wawili wa kaunta. Mageuzi yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1950. Vijana waliooneshana filamu zao fupi mjini London kuanzia mwaka 1956 chini ya jina la Free Cinema, miongoni mwao Lindsay Anderson, Karel Reisz na Tony Richardson, waliipeleka kamera viwandani na katika nyumba za wafanyakazi. Saturday Night and Sunday Morning ya Reisz, ya mwaka 1960, inaanza na kijana wa kiwanda mjini Nottingham akiwa kwenye mashine yake, na filamu nzima inamtazama yeye kwa macho ya usawa.

Jambo la tatu ni filamu za hali halisi. Mwaka 1929 John Grierson alitoa Drifters, kuhusu wavuvi wa samaki aina ya heringi katika Bahari ya Kaskazini, wakati ambapo watu wachache tu walidhani kuvuta nyavu kunastahili kuwa kisa cha filamu. Mwaka 1936 ikaja Night Mail, kuhusu treni ya barua inayotoka London kwenda Scotland usiku. Mshairi W. H. Auden aliitungia ubeti ambao mizani yake inafuata mwendo wa magurudumu, na wanafunzi wako wataisikia mizani hiyo hata kama Kiingereza chao ni kidogo. Waambie pia kwamba maonesho ya ndani ya behewa la kupangia barua yalipigwa studio, na wafanyakazi wa posta, ambao ni wafanyakazi wa kweli, walielekezwa wayumbe kidogo ili ionekane treni inakwenda. Hilo ni somo zuri la kuwa uhalisia katika filamu ni kitu kinachotengenezwa.

Nakuomba tu, Maalim, usiwaache wakadhani kwamba sinema hiyo yote ni uhalisia na unyamavu. Michael Powell na Emeric Pressburger, katika A Matter of Life and Death ya mwaka 1946, waliipaka dunia rangi zote na kuiacha ahera bila rangi, na mwaka uliofuata, katika Black Narcissus, waliijenga milima ya Himalaya kwa michoro na vioo ndani ya studio za Pinewood. Hao nao ni Waingereza kama Lean, ingawa Pressburger mwenyewe alizaliwa Hungaria.

SWALI: Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1950, gari la sinema la serikali lilikuwa likija shamba na kutandika kitambaa cheupe usiku. Zilikuwa filamu za Waingereza. Mtu anachimba choo mwanzo mpaka mwisho, polepole, hata sisi watoto tukilala. Lakini tukipelekwa Mjini siku ya Sikukuu tuliona filamu za Kihindi zikikimbia na tukazifahamu vizuri. Je, zile za choo nazo ni sinema ya Uingereza? Na kwa nini zilikuwa nzito vile? (Mzee wa Mkoani, Pemba)

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Swali lako limenigusa kuliko yote niliyoyapokea. Naam, nazo ni sinema ya Uingereza, na uzito wake ulipangwa.

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit, idara ya kutengeneza filamu za kuoneshwa makoloni. Aliyeiongoza, William Sellers, alikuwa amefanya kazi ya afya Nigeria, na aliamini kwamba Mwafrika hana akili iliyozoea picha. Kwa hiyo zikawekwa kanuni: mwendo uwe wa polepole, kila tendo lioneshwe kwa ukamilifu, kamera isigeuzwe upande kwa sababu watazamaji watadhani nyumba na miti inatembea, na mikato ya haraka iepukwe. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1935 na 1937, kulikuwa na jaribio jingine huku kwetu Afrika Mashariki, lililoweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, ambako zilitengenezwa filamu za kuelimisha zilizozungushwa Tanganyika na nchi za jirani, huku maelezo yake yakipigwa kwenye sahani za santuri.

Ila wewe na wenzako mlikuwa ushahidi ulio hai dhidi ya kanuni hizo. Mjini Zanzibar watu walikuwa wakilipa kiingilio kutazama sinema tangu miaka ya 1920, katika ukumbi wa Royal pale Vuga, mahali ambapo baadaye ulisimama Majestic. Mtoto aliyeweza kufuata kisa cha Kihindi cha saa tatu, chenye nyimbo, ndoto na wahusika wanaopotezana wakakutana miaka ishirini baadaye, hakuhitaji kuoneshwa kila pigo la jembe.

Kinachonisikitisha zaidi ni hiki. Mwaka 1900, mjini Hove, jirani na Brighton, Mwingereza George Albert Smith alitengeneza filamu fupi ya mtoto anayechezea kioo cha kusomea cha bibi yake. Mtoto anatazama, picha inakatwa, nasi tunaona ndani ya duara kile anachokiona yeye: saa, ndege, jicho la bibi likizunguka, likiwa limejaa kitambaa chote. Hiyo ni miongoni mwa mifano ya mwanzo kabisa duniani ya picha ya karibu inayounganishwa na jicho la mhusika, na watazamaji wa siku zile, ambao wengi wao walikuwa na miaka michache tu tangu waone sinema kwa mara ya kwanza, waliielewa. Miaka arubaini baadaye, maofisa wa nchi hiyohiyo waliandika kwamba mbinu kama hizo zitawashinda watu wa shamba. Usingizi wenu, mzee wangu, ulikuwa ni uhakiki sahihi wa filamu zile.

SWALI: Je, filamu za James Bond ni za Uingereza au za Marekani? Tumebishana barazani mpaka chai ikapoa. (Vijana wa Kikwajuni)

JIBU: Kila upande una haki yake. Filamu ya kwanza, Dr. No, ilitoka mwaka 1962. Mhusika ni Mwingereza, mafundi wengi walikuwa Waingereza, na makao ya kazi yalikuwa studio za Pinewood, hukohuko Uingereza. Lakini mtayarishaji Albert Broccoli alikuwa Mmarekani, mwenzake Harry Saltzman alikuwa Mkanada, na fedha zilitoka kampuni ya Kimarekani ya United Artists. Fedha za Marekani na mafundi wa Uingereza ni ndoa ya siku nyingi, na filamu nyingi kubwa zimezaliwa humo.

SWALI: Natengeneza filamu fupi kwa simu. Sina taa, na waigizaji wangu ni majirani ambao wakiiona kamera tu hukauka kama wamo mahakamani. Kuna la kujifunza kwa hao Waingereza? (Binti wa Makunduchi)

JIBU: Lipo, dada yangu, na pengine wewe ndiye utakayefaidika zaidi kuliko wote walioniandikia.

Tafuta Kes ya Ken Loach, ya mwaka 1969, kuhusu mtoto wa mji wa machimbo ya makaa anayemfuga na kumfunza ndege aina ya kozi. Mchezaji wake mkuu, David Bradley, alikuwa mwanafunzi wa hukohuko Barnsley, na lafudhi ya wahusika ni nzito kiasi kwamba baadhi ya mazungumzo yalirekodiwa upya ili watu wa mikoa mingine wayafahamu. Loach na mpigapicha wake, Chris Menges, walitumia mwanga wa kawaida wa mahali, waliiweka kamera mbali na kuwaacha watu waingie na kutoka katika picha kwa hiari yao, na kisa kilipigwa kwa mpangilio wake kutoka mwanzo kwenda mwisho, ili mchezaji asiyesomea kazi hiyo aishi mambo kwa zamu yake.

Wewe usiige umbali kwa kuvuta picha kwenye simu, kwani picha itachakaa. Iweke simu mahali isipowashughulisha watu, juu ya kinu au dirishani, uiwashe mapema na uondoke mbele yao. Epuka jua la saa saba mchana. Tumia mwanga wa mlangoni asubuhi, na wakati wa kusi, ukiwa ufukweni, ifunike maikrofoni kwa kitambaa laini kwa sababu upepo utaimeza sauti yote.

Kisha tazama Secrets & Lies ya Mike Leigh, iliyopata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, mwaka 1996. Leigh huanza kazi bila mazungumzo yaliyoandikwa. Hukaa na waigizaji kwa miezi kadhaa wakiwatafuta wahusika, na maneno huzaliwa humo. Katika mkahawa usio na wateja, mama na binti aliyemtoa akalelewa na wengine tangu uchangani wamekaa ubavu kwa ubavu, kamera imewakabili, na kwa dakika kadhaa haisogei wala picha haikatwi, huku mama akianza kukana na hatimaye kukumbuka. Jaribu hivyo kwa majirani zako wawili wanaosokota kamba za usumba. Wape jambo moja ambalo mmoja analijua na mwenzake halijui, washughulike na kamba zao, na usikate hata pale watakaponyamaza.