Usilipie Cape Point ukidhani ndiyo mwisho wa Afrika

Mkuu, kama hiyo pesa hujaituma, usiitume.

Umeuliza mambo matatu: kama siku nne zinatosha Cape Town, mbebe nguo gani mwezi wa Desemba, na kama hii ziara ya Cape Point, ile rasi iliyo kusini mwa Cape Town, uliyotumiwa kwenye WhatsApp, "simama mwisho wa Afrika, bahari mbili zinapokutana", inamfaa mama yako, mwalimu mstaafu wa jiografia. Naanza na hilo la tatu maana nimesoma tangazo lako na damu imenichemka. Ni maneno yale yale niliyouziwa mimi.

Cape Point si mwisho wa Afrika. Rasi ya Tumaini Jema iliyo jirani yake nayo siyo. Mwisho, yaani ncha ya kusini kabisa ya bara, ni Rasi Agulhas, kama kilomita 150 kusini-mashariki mwa hapo. Angalia namba: Cape Point na Tumaini Jema ziko latitudo digrii 34 na dakika 21 kusini, Agulhas digrii 34 na dakika 50. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, karibu kilomita 1.85, kwa hiyo bado kuna zaidi ya kilomita 50 za kushuka kusini baada ya hapo wanapokupigisha picha. Mama yako ataliona hilo kabla hujashuka garini.

Mzee wangu aliliona. Alikuwa fundi wa injini melini miaka mingi, na safari zote alizopita kusini mwa bara hili alikuwa chini kwenye joto na kelele. Mwisho wa Afrika aliusikia tu kwa jinsi meli ilivyolala upande. Alipostaafu akaniambia anataka jambo moja, auone kwa macho. Mwaka 2017 nikajikusanya nikamlipia. Niliwauliza wale jamaa wa ziara kwa maandishi kabisa: hapo ndipo bahari ya Hindi na Atlantiki zinapokutana? Wakajibu "ndiyo hapo hapo, bosi".

Tukapanda hadi mnara wa taa wa zamani, ule wa mwaka 1859. Umejengwa mita 238 juu ya bahari, juu mno, ukungu ukawa unaumeza. Meli ya Kireno, Lusitania, ilipopanda mwamba pale mwaka 1911 ndipo wakajenga mwingine chini. Mzee aliyafurahia hayo, hata nyani walipokuwa wanavizia mfuko wetu wa sambusa hakujali. Kisha yule kijana wa kutuongoza akaonyesha mstari wa povu majini: kushoto Hindi, kulia Atlantiki. Watu wakainua simu.

Mzee hakuinua. Aliegemea ukuta akatazama ng'ambo ya ghuba, upande wa mashariki. Siku ile kulikuwa kweupe. Akauliza kwa upole, "Kijana, na ule mlima kule?" Akajibiwa ni Hangklip, upande wa pili wa ghuba. Mzee akasema, "Basi bara linaendelea."

Hakusema lingine mpaka tuliposhuka kwenye bango la Tumaini Jema, lile lenye foleni ya picha. Akalisoma kwa sauti, neno kwa neno. Limeandikwa wazi kabisa kwamba ni ncha ya kusini-MAGHARIBI ya bara. Bango halikudanganya. Aliyedanganya ni aliyechukua hela yangu akijua, maana ukweli wake umesimikwa pale kwenye mbao. Nilimkabili yule kijana, akaniambia wageni wote huwa wanaridhika. Ndege yetu ilikuwa kesho yake asubuhi. Mwaka uliofuata mzee akapata kiharusi, na hajapanda ndege tena.

Kwa hiyo sikiliza: usiulize jina la mahali, uliza latitudo. Anayekuuzia mwisho wa dunia akupe digrii na dakika, kisha ufungue ramani uone kama mbele yake kuna nchi kavu. Mchezo huu uko kila mahali. Ushuaia ya Argentina inajiita mwisho wa dunia, na ng'ambo ya Mfereji wa Beagle, kusini zaidi, kuna mji wa Chile, Puerto Williams. Nordkapp ya Norwe watu wanaimiminikia kama mwisho wa Ulaya, wakati ncha ya jirani, Knivskjellodden, imeipita kaskazini, na zote mbili ziko kisiwani. Finisterre ya Hispania jina lake kwa Kilatini ni mwisho wa nchi, lakini Cabo da Roca ya Ureno iko magharibi zaidi.

Agulhas nilikwenda peke yangu mwaka 2022. Kodisha gari, utoke Cape Town alfajiri: barabara ya N2 hadi Caledon, R316 kupitia Napier hadi Bredasdorp, kisha R319 mpaka baharini. Ni kama kilomita 220. Usitegemee majabali marefu. Ni pwani tambarare, mawe meusi yaliyochongoka na maji yanayochemka juu yake, ndiyo maana wenye ziara hawapauzi. Kuna kibao kwenye mawe: kushoto Hindi, kulia Atlantiki. Mikondo yenyewe inahamahama, ila mpaka rasmi wa bahari hizo mbili ni longitudo digrii 20 mashariki, na unapita pale.

Nilimpigia mzee kwa video. Hakutaka kuona bahari. Aliniambia niweke dira yake juu ya kibao, nimsogezee kamera. Agulhas ni sindano kwa Kireno. Mabaharia wa Kireno, miaka ya 1500, waliona sindano ya dira pale inaelekea kaskazini halisi bila kupotoka. Leo inapotoka zaidi ya digrii 20 kwenda magharibi. Mzee aliitazama ikitikisika hadi ikatulia, akaniambia nisiiguse, aendelee kuiangalia.

Sasa nijibu haraka, umeshalipa au bado?