Siku Moja Mombasa Kabla ya Malindi

*Shikamoo Mama. Mimi ni msichana wa miaka 23, naishi Morogoro. Nimepata nafasi ya kujitolea miezi mitatu kufundisha watoto wa chekechea karibu na Malindi. Sijawahi kuvuka mpaka. Basi la kutoka Dar litanifikisha Mombasa Ijumaa usiku, na wenyeji wangu watanipokea Jumapili. Kaka yangu anasema Jumamosi nijifungie chumbani nilinde pesa na simu. Mimi natamani kuuona mji, ila naogopa. Nifanyeje?*
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu nilipokuwa na umri wako nilikwenda Pemba kujitolea kufundisha wasichana ushoni, nikalala Unguja usiku mmoja na mchana wake mzima. Nilifanya vile vile anavyotaka kaka yako. Niliegemeza kiti mlangoni, nikala biskuti, nikahesabu saa. Nilipofika Wete aliyekuwa anipokee hakuonekana bandarini, na mimi sikuwa nimezungumza na mtu yeyote tangu nitoke kwetu. Niliona haya hata kuuliza njia. Wiki mbili za kwanza wanafunzi wangu walidhani nina kiburi.

Kwa hiyo kaka yako namuunga mkono kwa usiku wa Ijumaa tu. Chumba kiwe kimeshapatikana kabla hujapanda basi, na waulize wenyeji wako wa Malindi wanapolala wageni wao wakipita Mombasa. Basi likipitia kivuko cha Likoni, abiria hushuka na kuingia ferini kwa miguu. Pasipoti na pesa ziwe mwilini, si kwenye begi la kubebwa na mtu, na mshike sura mmoja wa abiria wenzako ili msipotezane na basi lenu ng'ambo. Kutoka stendi chukua tuktuk, ndiyo bajaji yenu hiyo, na mpatane bei kabla hujaketi.

Jumamosi toka mapema, jua halijawa kali. Kula mahamri na mbaazi za nazi, kisha ingia Mji wa Kale kwa njia iitwayo Ndia Kuu. Usome ule ubao wa jina. Sisi wa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, njia twaiita ndia, macho twayaita mato, na kucheka twasema kuteka. Mtu akikuambia "usiniteke", hakutuhumu utekaji nyara! Kiswahili chako cha Morogoro ni kizuri, lakini Malindi utakutana na watoto ambao nyumbani huzungumza Kigiriama, na Kiswahili chao kina mwendo wake. Siku hii moja ikuzoeshe masikio. Salimia wazee barazani, sabalkheri asubuhi, masalkheri jioni, nao watakujibu kwa furaha. Ukipotea vichochoroni ingia dukani uulize, usisimame katikati ya njia na simu mkononi. Hapo kaka yako ana haki.

Msikiti wa Mandhry uko humo humo Mji wa Kale. Ni wa 1570, na mnara wake utauona kabla hujauona msikiti wenyewe. Mbele kidogo ni Ngome ya Yesu, ambayo wenyewe tunaiita Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga 1593, na Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi wakaiteka 1698. Baadaye Waingereza waliifanya gereza, hadi 1958. Beba kitambulisho, maana wakazi wa Afrika Mashariki hutozwa chini ya wageni wa mbali. Ukichoka kusoma vibao, simama juu ya ukuta utazame bahari. Mimi huwapeleka wageni wangu pale kwa ajili ya upepo.

Adhuhuri nenda Mtaa wa Biashara ununue leso, yaani kanga, jozi moja. Hiki ndicho kitu pekee ninachokulazimisha ununue. Mwalimu wa chekechea akiwa na leso ana mkeka, ana shuka la mtoto aliyesinzia, ana kitambaa cha kufutia kamasi, na ana stara ya kupitia mtaani. Soma maneno yake kabla hujalipa. Usije ukaingia shuleni na maneno ya kumrushia mke mwenza.

Alasiri kapumzike. Jioni nenda Mama Ngina, kule ufukweni, ukae na familia zinazokula mihogo ya kukaanga kwa ndimu na pilipili, unywe dafu, utazame meli zikipita kwenye mlango wa bandari ya Kilindini, karibu mno hata unawaona mabaharia. Magharibi ikiadhiniwa, panda tuktuk urudi.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza, na ndilo linanitia wasiwasi. Pasi ya matembezi utakayogongewa mpakani si ruhusa ya kufanya kazi Kenya, hata kazi ya kujitolea isiyo na mshahara. Leo, si kesho, waandikie wenyeji wako uwaulize wamekuombea kibali gani, na wakutumie nakala pamoja na barua ya mwaliko. Mtu akikushauri useme mpakani kuwa unakwenda harusini, usimsikilize. Uongo ule utakuwa juu yako, yeye hatakuwepo. Wasipokujibu sawasawa kuhusu kibali, ahirisha safari. Najua inauma.

Karatasi zikiwa sawa, Jumapili asubuhi panda matatu, ndiyo daladala yenu hiyo, ya Malindi. Ni kama kilomita 120. Omba kiti cha dirishani upande wa kulia, kwa sababu mkifika daraja la Kilifi maji yanatokea ghafla chini yenu, na upande huo ndiko yanakofungukia bahari.