Jibu: Mafuta ya viazi karai kwenye matatu

Kaka, umeuliza kama mafuta yaliyokwisha kukaangia viazi karai hapa Malindi yanaweza kumiminwa moja kwa moja kwenye tangi la matatu ya dizeli. Tafadhali usifanye hivyo. Ni mazito mno, yataziba nozeli (vitundu vinavyonyunyiza mafuta ndani ya injini) na kujaza masizi kwenye injini.

Yanayoendesha mabasi kwingine ni mafuta ya kupikia yaliyogeuzwa kwanza kuwa dizeli. Kyoto, Japani, walianza na magari ya taka mwaka 1997, baadaye mabasi ya mji. Mafuta huchujwa, hupashwa moto hadi maji yatoke yote (hapa ndipo wengi huharibu, maana maji yakibaki unapata sabuni), kisha huchanganywa na methanoli (aina ya alkoholi) iliyoyeyushiwa kostiki soda. Lita 100 huhitaji methanoli kama lita 20. Gliserini, uji mzito unaojitenga na mafuta, hutuama chini, dizeli hiyo mpya hubaki juu, nayo huoshwa na kukaushwa.

Lakini methanoli hupofusha na huua, na mvuke wake hushika moto upesi. Naogopa sana mtu akiijaribu nyumbani penye watoto. Wenye mikahawa wakusanye mafuta pamoja, kazi afanye mtaalamu wa kemia. Hata hapo, anzeni na asilimia 20 ya dizeli hiyo ndani ya dizeli ya kawaida, na mkague mipira ya kupitishia mafuta kama injini ni kuukuu.