Jibu: Magadi kwenye maharage, meno ya watoto vipi?

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, maharage unayonunua soko la Mwanjelwa hapa Mbeya hayaivi bila magadi, na jirani kakutisha kuhusu meno ya watoto. Jirani yuko sahihi. Cheki kwanza unatia magadi gani. Yale ya mawe ya kwenye mafungu yanachimbwa tu, mengine yana madini ya floridi nyingi na kwa macho huijui, ndo inayoleta madoa ya kahawia kwenye meno ya mtoto yakiwa bado yanajitengeneza ndani ya fizi, na kuyachemsha hakuitoi.

Beking soda ya dukani, ile inayoandikwa E500 kwenye pakiti, imesafishwa, afadhali hiyo, ila ina sodiamu kwa hiyo mwenye presha aiache, na ukizidisha chakula kinakuwa na ladha ya sabuni, vitamini B1 nayo inapotea.

Mimi hapa Uyole naloweka usiku, asubuhi namwaga maji, sitii kitu. Huku tuko juu bana, maji yanachemka kabla ya nyuzi 100, lazima maharage yachelewe kuiva, so kama una presha kuka kesi imeisha. Na muulize muuzaji kama maharage ni ya msimu huu, ya zamani ndo yanasumbua.