Ukienda Nizwa, usirudi na vitu vya Kariakoo

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia: "Dada, mwezi ujao naenda Omani kwa mara ya kwanza, na mjomba ameahidi kunipeleka Nizwa. Ninunue nini ambacho huku nyumbani hakipo?" Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Mimi safari yangu ya kwanza sikumwuliza mtu, na aibu niliyoipata bado ninayo.

Ilikuwa 2017. Nilikaa Maskati siku kumi kwa ndugu wa mume wangu. Tulikula, tukatembea, na zawadi nikaziacha hadi jioni ya mwisho, kama tufanyavyo wengi. Nikaingia duka kubwa lenye kiyoyozi, nikajaza kikapu: mitandio, manukato ya chupa za kumetameta, vingamia vya kubandika kwenye friji, na dele moja la kahawa la rangi ya dhahabu kwa ajili ya shangazi yangu wa Tanga. Rial moja ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani, lakini ukiona bei imeandikwa 5 jicho linakudanganya. Nilimaliza akiba ya miezi minne.

Shangazi huyu ndiye aliyenilipia ada ya sekondari. Alifungua boksi mbele ya wageni wake, akaligeuza lile dele kitako juu, akasoma kibandiko cha nchi lilikotengenezwa. Haikuwa Omani. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, haya si yapo Kariakoo?" Akalirudisha kwenye boksi, akaendelea kumenya machungwa. Angenigombeza ningeumia kidogo kuliko vile.

Kwa hiyo Aprili mwaka jana nilipopata safari nyingine, niliapa sitanunua hata kitana kabla sijafika Nizwa.

Nizwa iko bara, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Maskati, chini ya milima ya Jebel Akhdar. Uliwahi kuwa mji mkuu wa maimamu waliotawala Omani, na ngome yake yenye mnara mnene wa duara ilijengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, ambaye ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Pande zote ni mawe na vumbi, halafu ghafla mitende, kwa sababu ya mifereji ya kale wanayoiita falaji. Soko liko miguuni mwa ngome.

Tulilala huko Alhamisi ili Ijumaa tuwahi mnada wa mbuzi. Huu usiukose hata kama hununui mbuzi. Kuanzia kama saa moja asubuhi wanunuzi hukaa wamezunguka duara, na wenye mifugo hupita ndani yake wakivuta mbuzi na kutaja bei kwa sauti, na anayetaka humsimamisha, akamfungua mnyama mdomo akakagua meno. Kina mama wa jangwani waliovaa barakoa za jadi hupatana bei bila kutetereka. Baada ya saa mbili au tatu kila kitu kimeisha, na ikikaribia swala ya Ijumaa maduka nayo hufungwa. Siku nyingine hufungwa mchana na kufunguliwa tena alasiri. Amka mapema. Nasema tena: amka mapema, maana niliona watalii wamefika adhuhuri wakapiga picha milango iliyofungwa.

Sasa nifike penyewe. Kwenye duka moja la fedha nilisimama mbele ya kabati la majambia, nikimnong'oneza mume wangu kwa Kiswahili kwamba haya yote yanafanana. Mzee mwenye duka akainua kichwa: "Hayafanani, mwanangu. Wa wapi wewe?" Nikamwamkia, shikamoo, naye akaitikia marahaba ya Unguja hasa. Omani wako wengi kama yeye, waliozaliwa visiwani au mrima, wakaondoka baada ya 1964, na wengi walirudi Omani pale Sultani Qaboos alipoingia madarakani 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika. Tuliletewa kahawa na tende. Hakutaja bei mpaka finjani ya pili.

Kisha akafungua kabati. Rafu ya juu, akasema, imetoka nje, ni bati lililopakwa rangi. Ya katikati, ala imefuliwa hapa lakini ubao wa mpini umeletwa. Ya chini ni kazi ya mkono ya hapa hapa, nyuzi za fedha zimesukwa moja moja, na bei yake ilikuwa mamia ya rial. Akanionyesha pia mkufu wa zamani wenye reale za Maria Theresa, sarafu za fedha zenye sura ya mtawala huyo wa Austria, zile zilizoandikwa 1780 hata kama zilipigwa miaka mingi baadaye. Babu zetu wa pwani walifanyia biashara reale hizo hizo, na mafundi wa Omani walikuwa wakiziyeyusha kufulia mapambo. Niliishika moja mkononi nikanyamaza.

Jambia sikulinunua, uwezo sina. Lakini rafu zile tatu ndizo ushauri wangu wote: kila duka lina rafu ya juu, na mgeni asiyeuliza huuziwa ya juu. Uliza kitu kimetengenezwa wapi. Uliza nani amekitengeneza. Muuzaji mkweli hujibu bila kuona haya, na asiyejibu umuage kwa heshima. Na ukionyeshwa jambia la kale lenye mpini wa pembe ya kifaru au ndovu, usiliguse. Biashara ya kimataifa ya vitu hivyo imezuiwa na CITES, mkataba wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, na sisi tunaotoka kwenye nchi za tembo tuwe wa kwanza kukataa.

Nilichonunua ni hiki. Chetezo cha udongo cha Bahla, mji wa wafinyanzi ulio kilomita kama 40 kutoka pale, hakijapakwa rangi yoyote. Ubani wa Dhofari, kusini mwa Omani, ile daraja wanayoiita hojari, madonge yanayopitisha mwanga na yenye ukijani kidogo. Usichukue uliochanganyika na magamba na vumbi. Tende za khalas. Kofia iliyoshonwa kwa mkono kwa ajili ya baba, na hapo nilijiona mwenyeji, kwa sababu kofia ya Waomani na kofia yetu ya pwani ni ndugu: nilimwambia kijana ageuze ndani, nikaona ya mashine, nikamrudishia, akacheka akatoa nyingine kutoka chini ya meza.

Halafu haluwa. Nilikuta sufuria kubwa la shaba, mtu analikoroga bila kupumzika, na kazi hiyo huchukua saa mbili na zaidi: sukari, wanga, samli, zafarani, hiliki, maji ya waridi. Onja kwanza, wanatarajia uonje. Nimekula haluwa ya Wete tangu utotoni na naipenda, lakini ya Nizwa ni laini zaidi na samli yake inasikika.

Maji ya waridi nilipata ya msimu ule ule. Waridi la Jebel Akhdar huchumwa kuanzia mwisho wa Machi hadi Mei, na wanaochemsha maua yake kwenye jiko la udongo hupata maji yenye rangi ya hudhurungi na harufu ya moshi. Yale meupe kama maji ya bomba ni ya mtambo. Weka chupa kwenye begi la kupakia, si la mkononi.

Ndugu zangu, tunabana matumizi mwaka mzima ili tusafiri, halafu tunakwenda kununua takataka za viwanda vya watu wengine. Kuna mama amekaa wiki kadhaa anatoboa na kudarizi kofia moja. Mpe yeye pesa zako. Nunua vitu vitatu badala ya kumi na tano, na kila kimoja ujue kimetoka wapi.

Shangazi alipofungua maji ya waridi alidhani yameharibika. Nikamweleza habari ya jiko la udongo. Akanusa tena, akajipaka kiganjani, akamwita jirani. Chetezo nacho alikigeuza kitako juu, kama nilivyojua atafanya, akakuta alama ya kidole cha mfinyanzi imekauka kwenye udongo. Sasa kipo sebuleni kwake dirishani, na kila Alhamisi jioni kinafukizwa.

Binti wa Morogoro, mwambie mjomba mlale Nizwa Alhamisi. Na kwenye maduka ya fedha, ongea Kiswahili kwa sauti.